Fundi wa gramafoni pale Makoroboi: lipia ukaguzi kabla hujalipia matengenezo

Bei kwanza, maana ndilo swali la kila niliyemsimulia. Ukaguzi ni shilingi 20,000 taslimu. Hairudishwi, wala haikatwi kwenye gharama ya matengenezo hata ukikubali akutengenezee yeye mwenyewe. Nimeshuhudia mteja akifunga redio yake kwenye bodaboda na kuondoka amenuna: "Yaani nilipe kuangaliwa tu?" Ndiyo, ulipe kuangaliwa. Mimi nililipa, na katika hela zote ambazo gramafoni hii imekula mpaka sasa, hiyo ndiyo isiyoniuma.

Kibanda hakina jina. Ubao umeandikwa FUNDI REDIO TV SABUFA kwa rangi nyekundu iliyochuruzika, na vya namna hiyo Mwanza vimejaa, kwa hiyo fuata maelekezo. Ingia Makoroboi upande wa wagonga mabati, pita wanaotengeneza majiko, ndoo na sufuria, ukiwaona mafundi simu wamebanana chini ya mawe, uliza mzee wa santuri. Utaonyeshwa. Viti hakuna, kuna kreti moja la soda ambalo mteja wa kwanza analiwahi na wengine tunasimama. Nyundo hazinyamazi, na hilo lina uhusiano na kazi yake kama utakavyoona.

Mimi ni fundi cherehani, Mlango Mmoja. Nalisema mapema ili ujue natazama mashine kwa jicho gani. Mota, oili, mpira na vyuma vinavyosuguana ndivyo vinavyonipa ugali. Muziki naupenda tu kama mtu yeyote. Santuri ni za marehemu baba, aliyekuwa baharia kwenye meli za ziwani enzi zile zinazunguka Bukoba, Port Bell na Kisumu. Meli ya Victoria, ambayo vipande vyake vililetwa kutoka Uingereza vikaunganishwa Kisumu na ikaanza kazi 1961, ndiyo aliyoitumikia muda mrefu. Ikitia nanga Kisumu anashuka, akirudi ana santuri kwapani, nyingi za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, zilizotengenezwa Nairobi, benga na dansi. Jumuiya ilipovunjika 1977, Kisumu ikawa mbali, na mkusanyo ukakomea hapo. Chini kabisa ya sanduku kuna chache za 78, zile nzito zinazovunjika ukizidondosha.

Hizo za 78 ndizo zilizoniamulia mashine. Gramafoni nyingi za miaka ya 1970 na kuendelea zina 33 na 45 tu. Niliyoipata Isamilo, kwa familia iliyokuwa inauza vyombo ili ihame, ni Dual 1019, ya Ujerumani, aina iliyotoka katikati ya miaka ya 1960. Ina spidi nne: 16, 33, 45 na 78. Sahani yake ya kuzungushia santuri ina uzito wa zaidi ya kilo tatu, na mkono wake unajinyanyua, unakwenda kwenye santuri na kurudi wenyewe. Nilitoa laki moja. Ilikuwa haina plagi, hakuna mtu nyumbani mle aliyekumbuka ilipiga lini, na juu ya kichwa cha mkono palikuwa pamebandikwa sarafu ya senti hamsini, ile ya sungura, kwa selotepu.

Kabla ya Makoroboi ilipita kwa fundi mwingine ambaye simtaji. Yeye hakukagua. Alifungua, akapuliza mafuta ya kulegezea kutu kila alipoona chuma, akafunga plagi, akachomeka. Mota ikaunguruma, sahani ikajikongoja. "Mota imekufa, mama. Leta laki na nusu nikutafutie nyingine." Mafuta yale yakumbuke, tutakutana nayo tena.

Sasa mzee. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yote kwenye mzigo. Hakuuliza ina tatizo gani. Aliuliza imetoka nyumba gani, imekaa wapi, sakafuni au juu ya kabati, na nani wa mwisho kuichomeka. Nikamweleza. Akachukua utepe mweusi wa umeme akaviringisha meno ya plagi yote mawili, tayari nimelipa na bado hajagusa skrubu hata moja. Aliniambia mashine iliyolala miaka haiamshwi kwa umeme, inaamshwa kwa mkono.

Alianza na skrubu mbili za kusafirishia, zile zinazoshikilia bodi ya juu isicheze njiani. Mashine hii inakaa juu ya springi, na mtu akiibeba bila kubana skrubu hizo springi zinapigana na kila kitu. Zangu zilikuwa zimeachwa huru. Akabonyeza kona moja moja, bodi ikarudi juu sawasawa, akaguna. Kisha akazungusha sahani kwa kidole, polepole, na hapa ndipo nyundo za Makoroboi zinapoingia. Huwezi kusikia beringi kwa masikio matupu pale. Mzee anashika bisibisi refu, ncha anaigusisha kwenye bodi karibu na kati ya sahani, mpini anaupachika kwenye mfupa wa sikio. Akanipa na mimi. Nilisikia mvumo laini usio na mkwaruzo. Beringi ya sahani nzima, akasema, na akahamia kwingine.

Mita ikafuata, bado hakuna umeme. Alipima kutoka meno ya plagi kwenda kwenye chuma cha bodi: hakuna kinachovuja. Akapima jino kwa jino huku swichi ya mashine ikiwa imezimwa. Mita ilitakiwa isionyeshe njia yoyote. Ikaonyesha. Akatikisa swichi, akawasha, akazima, mita haikujali. Aligeuza mashine chini juu, akanionyesha kidude kidogo kilichofungwa sambamba na swichi: kapasita ya kuua cheche. Ikizeeka inapiga shoti, na ikipiga shoti swichi inabaki pambo. Ukichomeka tu mota inazunguka, ukizima inaendelea, mkono umelala na sahani imesimama, wewe umelala chumbani. "Ungejua kwenye luku," alisema. Si kosa la kiwanda, ni umri. Inatolewa na kuwekwa nyingine yenye alama ya X2, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kukaa kwenye umeme wa nyumbani. Fundi wa kwanza aliichomeka hivyo hivyo na kuiacha mezani akienda kunywa chai.

Wakati mashine iko kichwa chini alikagua pia nyaya za mota zimefungwaje. Mota hizi hufungwa kwa volti 110 au 220 kutegemea inakokwenda, na ukikuta ya 110 ukaichomeka Mwanza, umeipika. Yangu ilikuwa kwenye 220.

Akaondoa klipu ya katikati, akanyanyua sahani kwa mikono miwili. Chini yake kuna gurudumu dogo la mpira, ndilo linalopokea mzunguko kutoka puli ya mota na kuupeleka kwenye ukingo wa ndani wa sahani. Hakuna mkanda humo. Gurudumu hilo ndilo roho ya mashine za aina hii, na ndilo nililotaka kuona atalishikaje, maana mpira naujua. Alilinusa kwanza. Kisha akanipa nilinuse: mafuta ya kulegezea kutu, yamelowa mpaka ndani. Akabonyeza ukingo kwa ukucha. Mpira ulio hai unapokea alama ya ukucha halafu unaifuta. Uliokufa hauipokei kabisa. Wangu uliipokea kwa uvivu. Akalizungusha taratibu kwenye mwanga wa simu, akasimama mahali pamoja, akanionyesha kibonyeo kidogo, upana wa uzi wa kushonea. Mtu alichomoa plagi wakati inapiga, hakuurudisha mkono, gurudumu likabaki limebanwa kwenye puli kwa miaka. Kibonyeo cha hivyo kinatoa mdundo kwenye spika, du, du, du, kila gurudumu likimaliza mzunguko.

Kwa hiyo mota "iliyokufa" ya laki na nusu ilikuwa gurudumu lililotiwa mafuta, linateleza. Hakusema neno kuhusu mwenzake. Alilifuta kwa spiriti na kitambaa, mara ya kwanza kitambaa kikawa cheusi, mara ya pili kikawa kijivu, akaliacha likauke.

Sehemu iliyofuata ndiyo niliyoifurahia zaidi. Alirudisha sahani, akasukuma kitufe cha kuanzia, na badala ya umeme akazungusha sahani kwa mkono kwa mwendo wa saa. Chini unaona gurudumu la meno linashika, nyenzo inasogea, mkono unanyanyuka wenyewe. Ukanyanyuka, ukatulia, ukashuka palepale kwenye kiegemeo chake. Haukwenda kwenye santuri. Akarudia, ukafanya vilevile. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Ndani ya mtambo wa mkono kuna kofia ya mpira ndogo kuliko punje ya mtama, inayobonyezwa na nyenzo ili mkono usukumwe kwenda pembeni. Ikioza, mkono unapanda na kushuka bila kwenda popote. Yangu ilibaki doa jeusi linalonata. Wenye mashine hizi Ulaya wanaitengeneza kwa kipira cha valvu ya baiskeli, na mzee anavyo vipira hivyo kwenye kopo la dawa, amevikata tayari. Usukumani baiskeli hazijatoweka, spea hiyo hatakosa.

Grisi nayo. Ile ya kiwandani imekauka ikawa gundi ya rangi ya kahawia, na ndiyo maana kirungu cha kurekebishia mwendo kilikuwa hakizunguki. Hapo fundi wengi hutumia koleo na kuvunja kitu. Yeye alikigusa, akakiacha, akasema kitalegezwa kwa joto na grisi mpya siku ya kazi. Ndani pia kulikuwa na maganda ya mende wa kutosha, ambayo aliyatoa kwa brashi ya rangi bila maoni.

Mkono wenyewe ulichukua muda kuliko vyote. Aliondoa sarafu, akazungusha uzito wa nyuma mpaka mkono ukaelea hewani sawa na sakafu, haupandi haushuki. Akaupulizia pumzi tu. Ulikwenda mpaka mwisho ukarudi bila kukwama popote. Akakishika kichwa kwa vidole viwili akakitikisa kidogo sana, akihisi kama beringi za mkono zinacheza. Hazikucheza. Hapo alitoa hukumu ambayo fundi mwenye njaa asingeitoa: mkono usifunguliwe, usitiwe oili, usiguswe.

Akarudisha sarafu na uzito wa nyuma kama alivyovikuta, akaleta mzani mdogo wa dhahabu, ule wanaotumia wanunuzi wa machimboni. Juu ya kisahani cha mzani aliweka kipande cha plastiki ili sumaku ya katriji, kile kidude cha kwenye kichwa cha mkono kinachoshika sindano, isivutwe na chuma ikadanganya vipimo. Katriji ni Shure M44-7, ambayo inataka gramu moja na nusu mpaka tatu. Pamoja na sungura wa senti hamsini, ilikuwa inakandamiza zaidi ya gramu saba. Mtu alichoka santuri zinaruka, akaongeza uzito, zikaacha kuruka kwa sababu sindano ilikuwa inalima.

Kuhusu sindano hakutaka nimwamini kwa maneno. Jirani yake fundi simu ana hadubini ya kuangalia bodi za simu, akaiomba, akaniita niweke jicho. Sijawahi kuona sindano ya santuri kwa ukubwa ule, na sindano za kushonea nimeziangalia maisha yangu yote. Kiunzi kinachobeba ncha kilikuwa kimepinda kuelekea kushoto. Kwenye ncha kulikuwa na manyoya ya vumbi yaliyoganda, akayatoa kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele, na chini yake ncha iliyotakiwa kuwa ya mviringo ilikuwa imelika pande mbili, imebaki na kingo mbili bapa zinazong'aa. Kila santuri utakayopiga kwa hii, alisema, huisikilizi, unaichonga. Nikafikiria za baba. Nilimwomba aing'oe palepale, nikaitia kwenye karatasi, na sitaki kuiona tena kwenye mkono ule.

Shure waliacha kutengeneza katriji za santuri mwaka 2018, lakini JICO wa Japani bado wanatoa sindano za kuvaa kwenye M44, kwa hiyo katriji yenyewe inabaki. Alipima koili zake mbili kwa mita, zikafanana. Jambo zuri zaidi kwangu ni kwamba sindano hizi zinachomolewa na kuchomekwa kwa vidole. Ncha ya santuri za 78 ni nene zaidi ya mara tatu ya ile ya 33 na 45, mfereji wake ni mpana, ukiweka ncha nyembamba inaogelea chini kabisa kwenye uchafu na kukupa mchakacho. Kwa hiyo nitakuwa na mbili, moja ya zile za 45 na moja ya zile nzito.

Umeme ulikuja mwisho kabisa, na haukuja moja kwa moja. Alikata kapasita mbovu upande mmoja, akaipitisha mashine kwenye siriizi ya balbu ya zamani ya wati 60. Kama kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu na mashine inapona. Balbu ilitoa uwekundu hafifu tu. Sahani ikazunguka. Siyo kujikongoja kule kwa kwanza, ikazunguka.

Juu ya sahani aliweka karatasi ya duara yenye mistari 180, na pembeni akawasha kitaa chekundu cha neoni kilichong'olewa kwenye pasi mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kitaa kinapepesa mara 100 kwa sekunde, na sahani ikizunguka 33 na theluthi barabara mistari inaonekana imesimama. Taa nyingi za kisasa za LED hazifai kwa kipimo hiki, ndiyo maana anatunza hicho kitaa. Mistari yangu ilirudi nyuma, maana yake mwendo ni mdogo. Tukasubiri. Kadiri mota ilivyopata joto mistari ilipunguza kurudi, mpaka karibu ikasimama. Hapo ndipo alipojua: inayoanza polepole halafu ikashika mwendo ina oili nzito kwenye bushi za mota, inayobaki polepole ina mpira uliokwisha. Yangu ina ya kwanza nyingi na ya pili kidogo. Akaniomba oili ya cherehani niliyokuwa nayo kwenye mkoba, akainusa, akasema inafaa mota lakini haifai beringi ya sahani, ile inataka nzito zaidi. Nilimpa alama zote kwa jibu hilo. Anayesema oili ni oili sitamwachia hata cherehani ya mkono.

Hesabu yake, kwa mdomo: kapasita, kofia ya mkono, kusafisha grisi yote na kuweka mpya, kufungua mota na kulowesha bushi, kusugua gurudumu kwa msasa laini sana likiwa linazunguka ili kupunguza kile kibonyeo. Kazi yote 85,000 pamoja na vipuri hivyo. Sindano nijiagizie mwenyewe, na akanionya kwamba bei yake na usafiri itapita niliyonunulia mashine. Gurudumu jipya nisinunue mpaka tuone hili litasemaje. Mota isibadilishwe.

Nikiwa nimesimama pale alifika kijana na gramafoni nyingine nzuri ajabu, mjomba wake kaituma kutoka Marekani, na tranfoma ya kushusha volti kabisa. Inapiga, lakini waimbaji wote wanasikika wana usingizi. Mzee hakuifungua. Tranfoma inashusha volti, haigusi hezi, akamwambia. Mota ya aina hiyo inafuata hezi. Puli iliyochongwa kwa hezi 60 za Marekani, ukiizungusha kwa 50 za kwetu, 33 na theluthi inakuwa chini kidogo ya 28, na kirungu cha kurekebishia hakifiki huko. Inatakiwa puli ya hezi 50. Hakumtoza, kwa kuwa hakushika bisibisi. Wanaosema mzee ana tamaa wangekuwepo.

Sasa yanayoniudhi. Haandiki. Hesabu yote hiyo alinitajia kwa mdomo, na mimi nikaiandika nyuma ya karatasi ya kukatia patani na kumwomba aweke sahihi, akaiweka kama mtu anayeonewa. Tarehe hasemi, ukimbana anakwambia "tutaonana." Mashine za wateja zimepangwa wazi, na vumbi la mabati ya pale ni vumbi la chuma, ambalo linapenda sumaku. Njoo na shuka lako ufunike. Hadubini ni ya jirani, na jirani akifunga mapema ukaguzi wako unakuwa nusu, ila 20,000 inabaki nzima. Uliza kwanza kama jirani yupo.

Na kuna kitu hakukiona kabisa: sanduku la mbao la gramafoni yenyewe. Yeye ni mtu wa chuma na umeme. Mimi niligonga ubavu wake kwa kidole ukaita wazi, na chini kwenye kona kukawa na unga mwepesi wa manjano. Limebunguliwa. Nilipomwonyesha alipendekeza apake rangi nyeusi ya kung'aa juu yake, jambo ambalo nilimkatalia, maana rangi haiui bungua. Hilo nimempelekea seremala wa Nyakato, atanichongea jipya la mninga kwa vipimo vya lile la zamani.

Jambo jingine ambalo angepaswa kuwaambia wateja mapema, na mimi ilinibidi nilitoe kwa kuuliza: gramafoni hii huwezi kuichomeka kwenye sabufa ya nyumbani ukasikia kitu cha maana. Katriji ya sumaku kama hii haitoi hata milivolti 10, na santuri zenyewe hukatwa besi kwa makusudi wakati wa kutengenezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, ambayo viwanda vimeifuata tangu 1954. Lazima kuwe na kifaa katikati kinachokuza sauti na kurudisha besi hiyo. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho ndani, tundu lake limeandikwa PHONO, sabufa haina. Ukichomeka tu, utapata sauti nyembamba ya mbali na utarudi Makoroboi kugombana bure. Mzee hauzi kifaa hicho. Kiweke kwenye bajeti kabla hujanunua mashine yenyewe.

Kwa ukaguzi nampa nyota tano, kwa biashara nampa tatu. Usimpelekee pleya mpya za plastiki za kwenye mkoba. Zile atakwambia ununue nyingine, na atakuwa amekula 20,000 yako kihalali. Mpelekee kitu kizito, cha zamani, ambacho mtu mwingine amekwisha kukutajia bei ya kukitengeneza. Mimi nimekubali kazi yote isipokuwa rangi, mashine iko kwake chini ya shuka langu, na sindano ziko njiani.

Nenda asubuhi, kabla mabati hayajapata moto. Bana skrubu za kusafirishia, fungua uzito wa nyuma wa mkono uubebe kando, na usimruhusu dereva wa boda aishike ubavu. Beba santuri moja ya kujaribia, na iwe iliyochakaa. Ukimpelekea nzuri atakurudishia mkononi mpaka sindano mpya ifike.